Namba ya Marehemu Baba

Wanafunzi wenzangu, nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo, naomba nafasi kidogo niwasimulie jambo lililonipata nyumbani kwetu Kimisagara wakati wa likizo iliyopita. Ni jambo dogo: kubadili namba ya simu iliyofungamanishwa na akaunti yangu ya barua pepe. Hata hivyo lilinitoa jasho, na machozi pia.

Mwaka 2020 shule zote za Rwanda zilifungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa na umri wa miaka 14. Baba yangu alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria hapa Kigali, na siku zile pikipiki zilikatazwa kubeba watu. Basi yake ilikaa imeegemezwa ukutani, naye akawa anaipangusa vumbi kila asubuhi kana kwamba anakwenda kazini. Mwalimu wangu mmoja alitaka tupokee kazi kwa barua pepe. Baba akanipa simu yake, nikafungua akaunti. Nikaulizwa namba ya simu, ili siku nikisahau neno la siri nitumiwe tarakimu za kunifungulia mlango. Namba yangu mwenyewe sikuwa nayo, maana tangu mwaka 2013 kila laini nchini kwetu ni lazima iandikishwe kwa kitambulisho, na wakati ule kitambulisho kilitolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 16. Nikaandika namba ya baba. Akacheka, akasema, "Sasa mimi ni bawabu wako."

Baba alifariki mwaka 2022. Mama aliiweka simu yake kabatini, na laini ikiwa ndani. Hakuna aliyeitia salio wala kuiwasha. Hatukufikiri kwamba namba ya simu si mali ya mtu, bali ni kitu cha kuazima. Laini isipotumika kwa muda mrefu, kampuni huifunga, na baadaye namba ile ile hupewa mteja mwingine.

Nilipopata kitambulisho nilinunua laini yangu. Kubadili namba katika akaunti kungenichukua dakika tano, lakini sikubadili. Nikisema kwamba nilisahau, nitakuwa nimesema nusu ya kweli. Kweli yenyewe ni kwamba niliiona namba ya baba pale, na mkono ukakataa kuifuta.

Basi likizo iliyopita simu yangu ilitumbukia katika beseni la kufulia nguo, ikafa. Nikachukua simu ya mama nifungue barua zangu. Neno la siri sikulikumbuka, kwa kuwa miaka yote simu ndiyo iliyonikumbukia. Nikaambiwa kwamba tarakimu zitapelekwa kwenye namba ya baba. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ndani ya akaunti nilikuwa nikingojea jibu la maombi yangu ya msaada wa masomo ya chuo kikuu, na mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Ijumaa. Humo pia mlikuwa na picha pekee ya baba akiwa juu ya pikipiki yake, amevaa kofia ya chuma.

Nikaipiga namba ya baba. Ikaita. Mwanamke akaitika. Nilimsalimu kwa heshima, nikamweleza shida yangu, nikamwomba anisomee tarakimu sita zitakazofika kwake.

Akanijibu, "Mwanangu, matapeli wote huanza hivyo hivyo. Mimi tarakimu simsomei mtu nisiyemwona."

"Mama, mimi si tapeli. Hiyo namba ilikuwa ya baba yangu."

"Yawezekana. Nauza nyanya sokoni Nyabugogo. Kama wewe ni mkweli, njoo nikuone."

Nilikasirika kidogo, lakini mama yangu alisema, "Huyo ni mtu mwenye akili. Twende." Tukateremka kwa miguu mpaka Nyabugogo, nami nimevaa sare ya shule na kushika kitambulisho changu. Mama alichukua na cheti cha kifo cha baba.

Yule mama alisoma vyote viwili polepole. Kisha akanyamaza. Akasema, "Kumbe ni marehemu? Namba hii ninayo mwaka wa pili sasa. Watu walikuwa wakinipigia alfajiri, wakisema, njoo unichukue unipeleke kazini. Nami nikawajibu wote kwamba amehama namba. Nimewadanganya watu bila kujua."

Mama akamwambia, "Hukudanganya, dada yangu. Amehama kweli."

Tukaomba tarakimu. Simu ya yule mama ikalia, akanisomea moja moja, nikaziandika, na mlango ukafunguka. Jibu la maombi yangu lilikuwamo, nami nikathibitisha siku ile ile. Halafu palepale, kando ya nyanya, nikaingia katika sehemu ya usalama, nikaifuta namba ya baba na kuandika yangu.

Kazi haikuishia hapo. Akaunti yangu ni ya Google, nayo kampuni hiyo hueleza kwamba kwa siku 7 baada ya mabadiliko bado yaweza kupeleka tarakimu kwenye namba ya zamani, kusudi mwizi akiibadilisha, mwenyewe apate njia ya kurudi. Nilimweleza yule mama habari hii. Akasema, "Siku hizo saba nitakuwa bawabu wako." Hakujua kwamba neno hilo nililisikia zamani kwa mtu mwingine.

Msidhani ni ajali yangu peke yangu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani walichunguza namba 259 zilizokuwa zikitolewa kwa wateja wapya, wakaona kwamba 171 kati yake bado zilifungamana na akaunti za watu katika tovuti mashuhuri. Maana yake ni kwamba anayepata namba yako ya zamani huenda amepata na ufunguo wa nyumba yako. Mimi niliangukia kwa mama mwaminifu. Mwingine angeweza kuniibia kila kitu, nisijue hata jina lake.

Kwa hiyo nawasihi, mtakapofika nyumbani likizo hii, tazameni ni namba ya nani iliyoandikwa katika akaunti zenu. Ikiwa ni ya zamani, ibadilini wakati bado mnaweza kuingia. Kama akaunti yenu ni ya Google na mmewasha ulinzi wa hatua mbili, ombeni zile tarakimu 10 za akiba, mziandike katika karatasi na kuitunza, maana kila moja hutumika mara moja tu. Tena mtu asiyewajua akikataa kuwasomea tarakimu kwa simu, msimtukane. Amefanya vema. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Namba ya baba nimeiandika nyuma ya ile picha, ambayo sasa nimeichapisha, na mama ameitundika sebuleni. Pale hakuna kampuni itakayompa mtu mwingine.