Mtetezi na Ardhi ya Taita

Mji wa Voi uko kando ya barabara kuu na reli, lakini mtu akamatwaye humo usiku kwa kuwasemea maskwota aweza kujiona yuko mbali mno na wakili. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo katika mbuga za Tsavo. Nyingine imo mikononi mwa mashamba makubwa ya mkonge. Inayobaki ndiyo inayogombewa. Si ajabu basi kuwa utetezi hapa huanzia kwenye ardhi. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha Taita Hills Association, kilichopinga unyang'anyi wa ardhi, ikawatia viongozi wake kizuizini. Siku hizo nani angewaulizia?

Muungano wa Kitaifa wa Watetezi wa Haki za Binadamu nchini Kenya, ulioundwa mwaka 2007, umejitwika swali hilo. Humsaidia mtetezi kupata wakili na dhamana, huketi mahakamani kesi yake ikisikizwa, na maisha yake yakitishwa humhamisha kwa muda. Hapa ndipo penye uzito. Mtetezi anayehamishwa huokoka, naam, lakini maskwota aliowasemea hubaki pale pale, na kesi ya shamba yaweza kutajwa yeye hayupo.