Chromebook Ilivyozoea Kukaa Bila Mtandao

Chromebook ni kompyuta mpakato nyepesi inayotumia ChromeOS, mfumo wa Google uliojengwa juu ya Linux na wenye kivinjari kama kiini chake. Kazi hufanyika kwenye programu za wavuti, na mafaili hutunzwa kwenye seva za mbali, kwa jina la siku hizi winguni. Google ilitangaza mfumo huo Julai 2009, mwezi uleule ambao SEACOM, mkongo wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo pwani ya Afrika Mashariki ilipata intaneti kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua.

Wanaokumbuka mwanzo wa Chromebook huitaja Cr-48, mashine ya majaribio iliyogawiwa bure kwa wajaribu nchini Marekani kuanzia Desemba 2010. Ilikuwa nyeusi tii, bila nembo yoyote, na mahali pa kitufe cha herufi kubwa palikuwa na cha kutafutia. Hifadhi yake ya ndani ilikuwa GB 16 tu. Iliwaka upesi kuliko kompyuta nyingi za wakati ule, lakini mtandao ukikatika, karibu kila kazi ilisimama. Samsung na Acer zilipoanza kuuza za kwao Juni 2011, lawama kubwa ilibaki hiyohiyo.

Mwaka 2012 ndio uliobadilisha mambo. Google Docs iliruhusu kuandika bila mtandao, na Samsung ikatoa Chromebook ya dola 249. Shule za Marekani zikazinunua kwa wingi, na kwa sababu nzuri: mwanafunzi ambaye mashine yake imeharibika hupewa nyingine, akaingia kwa akaunti yake na kukuta kazi zake zote zipo.

Baadaye zikaja programu za Android mwaka 2016, kisha za Linux mwaka 2018. Kila hatua ilirudisha sehemu ya kazi ndani ya mashine, na hapo ndipo Chromebook ilipoanza kumfaa hata mtu anayeishi kwenye mtandao wa kubahatisha.

Limebaki suala la umri. Kila modeli ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho ya usalama. Mwaka 2023 Google iliongeza muda huo hadi miaka 10, lakini huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, hata kama mashine imenunuliwa jana. Anayenunua iliyokwisha kutumika aisome kwanza tarehe hiyo kwenye mipangilio, ndipo atoe pesa.