Kuipanda Kabla ya Kuiunda

Masaki ninayoishi si ile ya ufukweni Dar es Salaam, yenye mahoteli na balozi. Ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, nchi ya mihogo, mikorosho na minazi. Humu, katika chumba cha nyuma, juu ya meza niliyochongesha kwa fundi seremala, nimetandaza reli. Ni reli za plastiki, na treni zipitazo juu yake nimeziunda kwa matofali ya LEGO. Mimi ni mtu mzima mwenye familia na shamba, na jioni zangu nyingi hupita kwenye meza hii.

Matofali yangu mengi nimeyatoa soko la Karume, Ilala, kwenye midoli ya mitumba. Muuzaji humwaga furushi kwenye turubai, nasi huinama kuchambua. Kitu cha kwanza nitafutacho ni magurudumu. Tofali likikosekana utaweka jingine, rangi ikikosekana utabadilisha mpango, lakini gurudumu la treni lenye ule ukingo wa ndani unaolizuia lisitoke relini halina mbadala. Nikipata manne yanayofanana, siku hiyo narudi Kisarawe na furaha ya mvuvi aliyepata nguru.

Kampuni ya LEGO ilianzishwa mwaka 1932 katika mji wa Billund, Denmark, na seremala Ole Kirk Christiansen. Tofali tulijualo leo lilipata hataza mwaka 1958, na treni za kwanza zikatoka mwaka 1966. Tangu hapo yametolewa maboksi ya treni za kila namna: ya Marekani, ya Uswisi, ya Uingereza, hata ile ya kifahari ya Orient Express. Treni ya Tanzania haimo katika boksi lolote. Anayeitaka ya Reli ya Kati, ya TAZARA au ya SGR, ile reli mpya ya umeme, sharti aibuni mwenyewe, tofali kwa tofali.

Ndivyo nilivyoanza kuubuni mchongoko, jina waliloipa wananchi ile treni ya umeme ya SGR yenye pua iliyochongoka. Nilikuwa naupanga katika Studio, programu ya kompyuta inayomwezesha mtu kujenga kwa matofali ya kwenye skrini kabla ya kuyatafuta ya kushika mkononi. Nilikusanya picha nyingi. Picha ya mbele ilinionyesha kioo na taa, ya ubavuni ikanionyesha madirisha, lakini hakuna hata moja iliyonionyesha jinsi pua inavyopanda na kukutana na paa. Na hapo ndipo penye kazi yote. Nikaamua kwenda kuipanda, mara yangu ya kwanza kabisa katika reli hiyo, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro.

Nilisafiri na mpwa wangu, kijana wa darasa la sita, ambaye mezani kwangu ndiye msimamizi wa stesheni. Tuliondoka Masaki alfajiri, tukafika Kisarawe mjini, tukateremka vilima vya Pugu hadi Gongo la Mboto na kuingia jijini. Njiani nilimweleza jambo ambalo watu wengi wa kwetu hawalitilii maanani: sisi wa Kisarawe tumezungukwa na reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na inayokatiza wilaya yetu kuelekea Zambia, ina milimita 1,067. SGR ina milimita 1,435. Behewa la njia moja haliwezi kuingia njia nyingine.

"Sasa ya kwetu mezani, mjomba, ni ipi kati ya hizo?" akauliza.

Swali hilo ndilo linalomkalisha kitako kila mjenzi wa treni za matofali. Reli ya LEGO ina upana mmoja tu, milimita 37.5 kutoka ukingo wa ndani wa reli moja hadi wa pili. Ukisema ni SGR, basi dunia yako umeipunguza mara 38. Ukisema ni Reli ya Kati, umeipunguza mara 27 hivi, na behewa lako lazima liwe nene zaidi ili lilingane na reli. Plastiki ni ileile. Kinachobadilika ni nchi unayoijenga juu yake. Nilimwambia kwamba kwa safari hii ni SGR, naye akaliandika jibu hilo katika daftari.

Stesheni ya Dar es Salaam imejengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite, kuta zake za vioo zikiwa zimekatwa pembe pembe. Tulionyesha vitambulisho na tiketi, mizigo ikapita kwenye mashine ya ukaguzi, tukapanda ngazi hadi jukwaani. Mchongoko ulikuwa umetulia. Nilimwomba mhudumu ruhusa ya kuutazama kwa karibu kabla ya kuingia, akanikubalia kwa ukarimu, akasema nisivuke mstari.

Nilisimama mbele ya ile pua nikaitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa, kutoka juu kwenda chini. Niliona kwamba haichongoki kwa mkunjo mmoja. Kuna sehemu ya chini inayosimama karibu wima, kisha kioo kinacholala, kisha bega linaloingia paani taratibu. Pande mbili nazo zinabanwa kuelekea katikati. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6 na vinundu vyake hutazama juu, kwa hiyo ukilipanga kwa namna ya kawaida utapata ngazi, hupati mteremko. Dawa yake ni kulilaza tofali ubavu, vinundu vitazame nje, kisha kuvifunika kwa vipande vya mteremko. Pale jukwaani nilipata jibu nililolikosa kwa miezi: pua ijengwe kwa vipande vitatu vinavyotazama pande tatu tofauti, vikutane kwenye bega. Mpwa wangu akachora, mimi nikataja. Yeye akahesabu madirisha, mimi nikakadiria kwa jicho nafasi ya kutoka dirisha hadi mlango.

Tukaingia. Treni iliondoka bila mshtuko hata kidogo, ikapita juu ya daraja refu linaloivusha reli katikati ya jiji, mapaa ya Ilala yakawa chini yetu. Nilikuwa nimezoea kwamba treni ni kichwa kinachovuta na mabehewa yanayovutwa. Mchongoko hauna kichwa cha namna hiyo. Mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa, na umeme unashuka kutoka waya wa juu wenye volti 25,000. Hapo niliuona undugu wa karibu sana na treni ya mezani. Mota ya treni ya LEGO nayo haikai ndani ya kichwa. Imejificha katikati ya magurudumu, chini ya behewa, palepale mhandisi alipoiweka katika mchongoko. Zamani, kuanzia mwaka 1991, treni hizo za plastiki zilichukua umeme wa volti 9 kutoka kwenye reli zenyewe zilizovikwa chuma. Za siku hizi zinabeba betri ndogo sita ndani ya behewa.

Pugu ilipita dirishani kwa kasi. Niliviona vilima na ule uelekeo wa kwetu, nikafurahi kwamba reli kubwa namna hii inapita katika ardhi tunayolima mihogo.

Kiti cha mbele yetu alikaa mzee mmoja aliyestaafu kazi katika karakana ya reli Morogoro. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na alipoona daftari la mpwa wangu lenye michoro ya magurudumu akaomba alishike.

"Nani kakufundisha kuchora boji, mjukuu wangu?"

"Mjomba, babu. Tunazo nyumbani, za matofali."

Mzee akaniangalia, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza kwa makini, kisha akaanza kunifundisha. Boji, alisema, ni ule mkokoteni wa magurudumu manne ulio chini ya kila ncha ya behewa. Behewa halikukazwa juu yake. Limekalia mhimili katikati, ili boji igeuke na reli huku behewa likibaki limenyooka. Nikamwambia kwamba mezani tatizo letu kubwa ni kona. Kipande kimoja cha reli ya LEGO iliyopinda ni sehemu moja ya kumi na sita ya duara, na nusu kipenyo cha duara hilo ni sentimita 32. Ukiikuza mara 38 unapata kona ya mita 12 hivi, ambayo hata basi kubwa huipinda kwa shida. Behewa refu likiingia humo, kiuno chake huchomoza ndani ya kona na ncha zake huchomoza nje.

"Basi sogeza boji ziende katikati kidogo," akasema. "Ncha zitachomoza zaidi lakini kiuno kitatulia. Ukizipeleka mwisho kabisa, kiuno kitagonga kila kitu. Wewe tafuta pale pande zote mbili zinapolingana."

Ushauri ule ulitoka kwa mtu aliyefanya kazi na chuma maisha yake yote, na unafaa kwa plastiki vilevile, maana hesabu ya kona haijali ukubwa wa treni.

Tulipokaribia Ruvu alinyamaza, akasema sikilizeni. Tulisikia mvumo tu, mrefu, usiokatika. "Umeona? Haina viungo." Reli za SGR zimeunganishwa kwa kuchomelewa, kipande na kipande, kwa masafa marefu, zikakazwa kwenye mataruma ya zege na kuzikwa katika kokoto ili joto lisizipinde. Reli ya Kati ya ujana wa mzee huyu ilikuwa na viungo vya vyuma na boliti, na kila kiungo kiliachiwa mwanya mdogo wa reli kutanukia juani. Gurudumu likipita hapo linagonga, na mafundi waliihesabu milio ile huku wakitazama saa ya mkononi, wakajua mwendo wa treni.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimekuwa nikilisikia kila jioni bila kulipa maana yake. Reli za mezani kwangu zimeunganishwa kila baada ya sentimita 12.8, na treni ikipita hugonga kila kiungo. Nilidhani ni udhaifu wa plastiki. Kumbe ni sauti ya Reli ya Kati, ileile iliyowalaza abiria wa Tabora na Kigoma tangu njia ilipofika ziwani mwaka 1914. Nilipomwambia mzee akacheka kwa furaha, akasema kwamba mchongoko wangu utafanana na mchongoko kwa umbo, ila utazungumza lugha ya wazee.

Mashamba ya mkonge yalianza kuonekana, kisha milima ya Uluguru ikasimama mbele yetu. Kilomita 205 tulizimaliza kwa muda usiotosha kumaliza mazungumzo. Tuliagana na mzee stesheni, naye akatuelekeza tusirudi kabla ya kwenda mjini kuitazama njia ya zamani.

Tulikwenda. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na pale mtu anaweza kuiona historia kwa macho: mataruma ya chuma, boliti za viungo, upana mdogo unaoweza kuuruka kwa hatua moja. Mpwa wangu alichutama akakitazama kiungo kwa muda mrefu, akaweka kidole karibu na ule mwanya. Nami nikaanza kuwaza kazi itakayofuata mchongoko. Ni kichwa cha mvuke cha Garratt daraja la 59 cha Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kilichotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi. Viliundwa 34, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kimoja, Mount Gelai, kilichobeba jina la mlima wa kwetu, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Garratt ina tangi la mvuke katikati na seti mbili za magurudumu zinazogeuka kila moja kivyake, kwa sababu iliundwa kwa njia nyembamba zenye kona kali. Meza yangu ina kona kali kuliko zote. Hicho nacho nitakwenda kukitazama kwanza, Nairobi, kabla ya kugusa tofali.

Watoto wa kizazi changu walijiundia magari kwa waya na makopo, magurudumu wakayakata kwenye kandambili zilizochakaa. Hakuna aliyewapa mchoro. Waliliangalia basi lililopita barabarani, wakarudi nyumbani na umbo lake kichwani, wakaliunda. Sijui kwa nini watu wazima tumekubali kwamba ustadi ule una umri wa kukoma. Treni ya matofali inadai jicho lilelile pamoja na hesabu, subira na pesa kidogo ambazo mtoto hana. Inamfanya mtu akione chombo anachokipanda, na awaheshimu mafundi waliokifikiria.

Kwa hiyo namwambia yeyote anayetaka kuanza, awe Kibaha, Kisarawe au Mbeya kwenye njia ya TAZARA: usisubiri boksi lenye treni yetu, maana halijatengenezwa. Kata tiketi, kaa dirishani, chukua daftari. Uliza wanaojua, maana wastaafu wa reli wapo katika kila mji wenye stesheni na wanafurahi kuulizwa. Kisha rudi nyumbani ujenge. Mchongoko wangu sasa una pua, boji zake nimezisogeza kama nilivyoelekezwa, na behewa la kwanza linapita kona bila kugusa kitu. Mchoro wake nitampa yeyote atakayeuomba, ili wa pili uundwe kwa urahisi kuliko wa kwanza.