Ribiti ya Sufuria

Kuna kosa nililifanya Nyaishozi, na nikilikumbuka nasikia aibu mpaka leo.

Ilikuwa wiki ya msiba wa babu. Mkono wa sufuria kubwa ya alumini ukalegea. Mimi, msomi wa mjini, nikaitoa ribiti iliyochoka, nikapitisha msumari wa zege, nikaugonga. Nilichagua wa zege kwa sababu ndio mgumu kuliko yote. Si ndiyo nguvu hiyo?

Asubuhi yake shangazi akainua maharage. Mkono ukang'oka, mchuzi wa moto ukammwagikia mguuni. Hakunilaumu hata kidogo. Bora angenitukana.

Nikaibeba sufuria mwenyewe hadi kwa fundi pale senta. Shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza, kisha nikamwomba chuma kigumu zaidi.

"Mwanangu, unatengeneza sufuria au meli?"

Akachukua msumari wa zege, akaugonga nchani. Ukapasuka. Akachukua kipande cha waya mnene wa alumini, akagonga. Kikatanuka taratibu kama uyoga.

"Ribiti inatakiwa ikubali nyundo," akasema.

Basi nikaelewa. Ribiti hufanya kazi pale tu inapojaza tundu na ncha yake kugeuka kichwa cha pili. Ikiwa ngumu mno hupata ufa, na ufa husubiri mzigo. Tena sufuria ya alumini inataka ribiti ya alumini. Ukiweka ya chuma, maji na chumvi vikiingia kati ya metali hizo mbili, alumini ndiyo inayoliwa, na tundu linapanuka.

Hata kwenye meli ni hivyohivyo. Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaungwa upya Kigoma kwa ribiti na kushushwa majini mwaka 1915. Ribiti za meli za enzi hizo zilikuwa za chuma laini, zikigongwa zikiwa nyekundu kwa moto. Zikipoa hujikunyata na kuyabana mabati. Wajerumani waliizamisha meli hiyo mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Mguu wa shangazi ulipona, ila kovu lipo. Kila nikienda ananipakulia kutoka sufuria ileile, na mkono wake haujatikisika.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujashika nyundo, muulize fundi.