Kuku wa Lyamkena na Matela ya Zamani

Tela linalovuja hujulikana siku ya jua, si siku ya mvua. Unapanda ndani, utingo mwenzako anashusha turubai pande zote, unakaa gizani mpaka macho yazoee. Halafu unatazama chini. Kila penye tundu mwanga unachungulia: hapa chembe, pale mstari unaofuata ubao mzima. Unaweka alama za chaki huku upepo wa Makambako ukilipigapiga turubai juu ya kichwa. Hiyo ndiyo kazi niliyoanzia pale Lyamkena, nikiwa kijana wa suruali moja, miaka ya themanini. Tulikuwa Mkoa wa Iringa wakati huo. Huu wa Njombe tumeupata 2012, mimi nina mvi tayari.

Matela yenyewe yalikuwa wazee. Madereva walituapia kwamba mengine yaliwahi kubeba shaba ya Zambia, enzi zile Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia mwaka 1965, Zambia ikawa inahangaika kutafuta njia ya kufika Dar es Salaam. Sijui walikuwa wanakoleza kiasi gani, maana dereva na chumvi ni ndugu. TAZARA ilipokabidhiwa rasmi 1976 mizigo mingi ya shaba ikapanda treni, na malori ya kwetu yakabaki na mahindi ya Songea, mbao za Njombe, na mbolea ya wakulima.

Sasa mbolea, ndugu yangu, ndiyo ilikuwa balaa. Mvua za masika, matairi ya nyuma yanarusha maji juu, maji yanapenya kati ya mbao, safu ya chini ya magunia inalowa bila mtu kujua. Mkifika, mbolea ya SA imeganda jiwe, inapigwa kwa nyundo. Mahindi yakilowa yalikuwa na aibu yake nyingine: ukifungua turubai unapokewa na harufu ya pombe, na mwenye mzigo anakutazama wewe utingo kana kwamba ndiwe uliyekunywa.

Fundi wetu wa sakafu alikuwa mzee kutoka Kilwa. Alifikaje kwenye baridi ile ya Wabena hakupata kutueleza sawasawa. Kila nikimuuliza alikuja na jibu jipya, na mengi yalikuwa na mwanamke ndani yake. Ujanani alikuwa akitia kalafati majahazi, kwa hiyo kwake tela lilikuwa chombo tu, tofauti yake ni kwamba maji yake yako barabarani. Alisokota nyuzi za katani kutoka kwenye kamba kuukuu, akazichovya kwenye lami ya moto, akazisindilia kwenye upenyo kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Tok, tok, tok. Alisikiliza sauti. Ikiwa nzito, pameshiba. Ikilia kama debe tupu, anang'oa na kuanza upya, na wewe utingo unarudi kuchochea moto.

Lami nayo ilikuwa na tabia zake. Juni na Julai, baridi ya Makambako ikiuma masikio, inakauka na kupasuka. Ukiilainisha kwa oili chafu ili ivumilie baridi, lori likishuka Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni kwenye joto, inayeyuka na kushika magunia. Mzee akawa anaichanganya na unga wa mbao kutoka kwa wapasua mbao, kidogo kidogo, anajaribu kwa kuvuta utepe wake kati ya vidole. Nguo zangu zilinuka lami na msonobari mpaka mama akanizuia kuzitundika jikoni.

Si kila mtu aliyetuombea kazi njema. Kuku wa Lyamkena waliyajua malori yanayovuja. Lori likisimama tu, wako chini ya ekseli kabla dereva hajazima injini. Akina mama walifuata na ungo na ufagio, wakisalimia "Kamwene" kwa sauti tamu kupita kawaida. Na mvua za kwanza zikinyesha, pembeni mwa maegesho mahindi yalijiotea yenyewe kwa mstari, ungeweza kusoma lori gani liliegeshwa wapi. Mama mmoja alimwambia mzee wetu waziwazi: fundi, usizibe yote.

Alicheka, akaziba yote.

Siku hizi mahindi ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, yana vihenge vya chuma hapo Makambako, na malori yanapita na makontena yaliyofungwa lakiri, huwezi kujua yamebeba nini hata kwa harufu. Mpwa wangu anaendesha moja la Tunduma. Mwaka jana alipita nyumbani, nikamkuta ameinama kwenye sakafu ya bati nene ya tela lake, amekamata mrija wa silikoni, anaziba tundu la bolti. Chai ya Luponde niliyomtilia ilikuwa bado ya moto alipomaliza.

"Ikifika Ruaha Mbuyuni haiyeyuki?" nikamuuliza.

"Mjomba, hii haijui joto wala baridi."

Nikauliza tena, kuku wa njiani siku hizi wanakula nini. Alinitazama kwa huruma, akanimiminia chai.