Kazi yangu ya pili: kufundisha watu kurusha ndege

Wengi mnanijua kwa mambo ya programu na seva, lakini wachache wenu mmekuwa mkiniuliza wikendi huwa napotelea wapi. Jibu ni hili: Jumamosi na Jumapili mimi ni mwalimu wa urubani katika Uwanja wa Wilson, Nairobi. Watu wakisikia hivyo hudhani ni starehe tupu. Ngojeni niwaeleze.

Mwanafunzi akishamudu kupaa na kutua, huanza safari za mbali. Mimi hupenda kuwapeleka Ukambani. Tunateremka hadi Makindu, kaunti ya Makueni, kisha tunakata kaskazini mpaka kiwanja cha Ithookwe, Kitui, halafu nyumbani. Upande wa Makueni si rahisi kupotea, kwa maana kuna barabara ya Mombasa, reli ya zamani na ile ya SGR iliyofunguliwa 2017. Ukivuka Mto Athi mambo hubadilika. Unaupita mgongo wa Yatta, ule mwamba wa volkano wenye urefu wa karibu kilomita 300, na mbele yako ni vichaka na mito ya mchanga inayofanana kama mapacha.

Siku hizi kila mwanafunzi ana tableti yenye ramani na GPS. Mimi mtu wa kompyuta mngedhani nashangilia. Wapi! Tukifika Athi namwambia aifunike, anionyeshe tuliko kwa kutazama nje. Tableti ikipigwa na jua la kule kupitia kioo hupata joto na kujizima yenyewe, na haichagui wakati.

Joto lenyewe ndilo somo gumu kuliko yote. Makindu iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, yaani kama futi 3,300. Ikiwa nyuzi 33, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba injini na mbawa zinafanya kazi kana kwamba ziko futi 6,200 hivi. Ndege ile ile, mafuta yale yale, lakini inakimbia chini muda mrefu zaidi kabla ya kupaa na inapanda kwa uvivu. Nilishaandika kijiprogramu cha kupiga hesabu hiyo, na bado nawalazimisha waipige kwa kalamu kwanza, kwa sababu nataka namba iwatishe kidogo.

Dawa ya joto ni kuondoka alfajiri. Sawa, lakini mwezi wa Julai Nairobi hufunikwa na mawingu ya chini hata hadi saa tano asubuhi, na ndege ya mafunzo haiendi popote. Shule nyingi humlipa mwalimu kwa saa alizoruka. Mawingu yakikaa, umekunywa chai tu. Mimi nina mshahara wa programu, kwa hiyo namwambia mwanafunzi "leo hapana" bila kuwaza kodi ya nyumba. Mwalimu kijana mwenye leseni mpya ya biashara, ambaye amefikisha saa 200 na anazitafuta 1,500 za leseni ya juu ili apate nafasi kwenye mashirika makubwa, hana raha hiyo. Naona hili ni tatizo kubwa kuliko uchakavu wa ndege, ingawa ndege ndizo husemwa zaidi.

Kisha kuna zoezi la kuzimikiwa na injini. Napunguza moto ghafla na kuuliza: "Unatua wapi?" Wengi huonyesha mto mkavu, maana mchanga wake unang'aa na umenyooka. Mchanga ni laini, gurudumu la mbele litazama na ndege ipinduke. Shamba je? Mashamba ya Makueni yana matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa hiyo fuata tuta, usilikate. Na waya! Tangu mradi wa kusambaza umeme vijijini ulipoanza 2015, waya zimefika pahali ambapo hazikuwepo. Ukiwa juu huzioni. Tafuta nguzo.

Nikikagua programu ya mwenzangu naweza kunywa kahawa, nifikiri, nirudi kesho. Ndani ya ndege nina sekunde chache za kuamua kama nimwache ajirekebishe au niushike usukani. Ukiushika mapema kila mara, hatajifunza kamwe, na ipo siku atakuwa peke yake. Ukichelewa, hakuna kesho. Hakuna kitabu kinachotaja sekunde yenyewe.

Tarehe 5 Machi 2024, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi. Ile kubwa, iliyokuwa na watu 44, ilirudi Wilson salama. Katika ile ndogo mwalimu na mwanafunzi wake walifariki. Mama yangu alipiga simu mara sita kabla sijaipokea, na sikuwa hata uwanjani siku hiyo.

Tangu hapo wanafunzi hunijia na programu za kuonyesha ndege zilizo karibu. Ni nzuri, nami ninayo moja. Lakini huonyesha tu ndege inayotuma mawimbi yake, na juu ya Kitui kuna zisizotuma chochote. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache namuuliza mwanafunzi ameona nini kushoto, na simkubalii jibu kama hajageuza shingo.