Kutaka Shauri Makutano

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Embu hupita mahali paitwapo Makutano. Akiuzunguka Mlima Kenya hadi mjini Meru, hulikuta jina lilo hilo. Njia zinapokutana, hapana budi kuchagua. Ugomvi nao huwa hivyo.

Aghalabu ugomvi wa sehemu hizi ni wa ardhi. Mzee hufariki kabla ya kuligawa shamba, na wanawe wakaamka siku moja wakakuta mpaka umesogezwa. Mmoja hushika panga, mwenziwe hukimbilia wakili. Mama yao, aliye katikati, huketi jikoni akasema: "Ni shauri ya Mungu."

Maneno hayo yafaa kupimwa. Katika mazungumzo ya kila siku, "shauri ya Mungu" ni kauli ya mtu aliyekata tamaa: jambo limekwisha kuharibika, naye hana la kutenda. Katika Agano la Kale la Kiswahili, kinyume chake, shauri ni kitu cha kutakwa, tena hutakwa kabla mkono haujainuliwa. Kitabu cha Kutoka, mlango wa 33, chasimulia jinsi Musa alivyokita hema nje ya kambi, na kila mwenye haja ya kumwuliza Bwana akaiendea. Wafasiri waliiita hema ya kukutania, jina lililozaliwa na kitenzi kilekile kilichozaa Makutano.

Yoshua hakuiendea njia hiyo. Wagibeoni walipomjia, alitazama mkate uliokauka na viriba vilivyoraruka, akaamini macho yake, akafanya nao agano bila kuuliza. Akadanganyika. Daudi aliposikia kwamba Wafilisti wanaushambulia mji wa Keila, aliuliza. Watu wake walipoogopa, akauliza tena, kisha akauokoa mji. Baadaye akauliza kama wenyeji haohao wangemtia mikononi mwa Sauli. Akajibiwa kwamba wangemtoa. Daudi na watu wake wapatao 600 wakaondoka, wala hakulipiza kisasi.

Kuuliza, basi, ni kukubali kupata jibu lisilopendeza. Amwombaye Mungu ili amshinde nduguye hajataka shauri, ameomba silaha.

Wameru wana desturi iliyo karibu na hiyo. Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, husikiliza pande zote mbili kabla ya kukata neno, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inazitambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Lakini hata baraza halimfai mtu aliyekwisha kujihukumia haki moyoni mwake.

Laiti mama yule angeyatamka maneno yake mapema, panga likiwa bado limeegemezwa ukutani, wanawe wote wawili wakimsikiliza! Yangekuwa mwanzo wa kuuliza, wala si mwisho wa matumaini.